Breki Yetu ya Mkono

Gogo lilishika. Nataka hilo lijulikane kabla ya neno lingine lolote. Nililitupa nyuma ya gurudumu, nikalipiga teke likakaa sawasawa, na gari la wagonjwa likasimama katikati ya mlima wa Malanja, pua juu kwenye ukungu, mimi chini kwenye tope, nikapiga kelele, "Limeshika, Mzee! Limeshika!" Nilikuwa nacheka. Kwenye kioo cha nyuma nilimwona Sista, mkono mmoja juu ameshika chupa ya dripu, mkono mwingine chini tumboni kwa mzazi. Na yeye alicheka, akanitikisia kichwa kama kusema, wewe kweli mwanamume.

Halafu gogo likaanza kutembea.

Halikuruka wala halikuvunjika. Lilitembea pamoja na tope lililokuwa chini yake, polepole, kama sufuria juu ya meza iliyomwagikiwa mafuta. Niliweka bega. Bega likasukumwa. Niliweka mguu. Utauliza ni mjinga gani anazuia Landrova kwa mguu. Ni mjinga ambaye watu wake wamo ndani. Gurudumu likapanda juu ya goti langu, nikasikia mlio ambao mpaka leo mtu akivunja kuni kavu karibu nami natoka nje. Gari likapita, likashuka kinyumenyume, likaacha barabara, na kile kioo cha nyuma kikazidi kwenda mbali, na ule mkono bado uko juu na chupa yake.

Sasa nirudi nyuma, maana hayo yana chanzo, na chanzo kina wenyewe.

Mimi nimeishia darasa la nne. Nilizaliwa vilimani karibu na Karatu, kwetu tunalima ngano na maharage, na nilipoingia hospitali sikuingia kuuguza, niliingia kupiga deki. Hospitali yenyewe siitaji, ilikuwa moja ya zile ndogo, na ofisi iliyosimamia magari yake siitaji pia. Lakini watu wenye makosa nitawataja kwa kazi zao, na wale waliokuwa Karatu siku zile hawatahitaji majina.

Sista alikuwa mkunga na nesi wa dharura, yote mawili, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa bonde la pili. Siku moja akanikuta nimemkumbatia mzee aliyekuwa anatapika damu, ndoo yangu imemwagika, nimemlaza ubavu asijipalie.

"Wewe wa deki," akasema, "huogopi damu?"

"Nimechinja ng'ombe tangu mdogo, Sista."

"Huyu si ng'ombe."

"Ndiyo maana sijamchinja."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake nikawa nimepanda gari la wagonjwa, na mwaka haukuisha nikawa najua kufunga mshipa unaorusha damu, kunyoosha mguu uliovunjika na kuufunga kwenye ubao, kumfungua mtu koo lake apate pumzi, kukanda tumbo la mzazi anayevuja damu. Hilo la mwisho alinifundisha kwa ngumi yake mwenyewe juu ya mto wa kulalia. "Baada ya mtoto kutoka, kizazi kinatakiwa kiwe kigumu kama chungwa bichi. Kikilegea, mama anakwisha. Ukiona kimelegea, ngumi! Usimwonee huruma, ngumi!"

Jamani, kazi ile! Mtu ambaye hajawahi kukaa nyuma ya Landrova ikishuka kwenye lango la Lodoare na king'ora kimekufa, dereva anapiga honi kwa kiganja, nyani wanakimbia huku na huku, na wewe umemshika mtu anayetaka kufa na humruhusu, huyo hajui maisha yanavyowaka. Tulikwenda kila mahali. Tulivuka makorongo ya kwenda Digodigo kumchukua mkulima aliyejikata na jembe kwenye mfereji wa maji. Gari la hospitali ya Wasso likiwa bovu tulifika mpaka huko na kupita, mpaka Soitsambu, tukamleta mchungaji aliyechomwa pembe na nyati, utumbo wake tumeufunika kwa kitambaa cha maji ya chumvi, na yeye njia nzima anamuuliza Sista kama nyati yule amekufa. Tulipofika na akawa hai, niliruka ruka uwanjani kama mtoto. Sista naye aliruka. Dereva hakuruka, alikuwa mtu mzima, lakini alipiga honi.

Dereva tulimwita Mzee. Mtu wa Mbulu, mpole, kofia ya sufu masika na kiangazi. Yeye ndiye aliyenitengenezea gogo.

Gari letu halikuwa na breki ya mkono. Waya wake ulikatika, na hakuna aliyeleta mwingine. Breki ya mguu ilishika ukiikanyaga mara kadhaa na kumwomba Mungu. Gia ya kwanza ilikuwa inaruka yenyewe kwenye mlima. Betri ilikuwa kilema, ukizima gari haliwaki tena mpaka uteremke au usukumwe. Ilikuwa miaka ile ya shida, baada ya vita na Amini, sabuni hakuna, mafuta ya gari kwa kibali, usiniulize vipuri. Basi Mzee akachonga kipande cha mti wa loliondo, mgumu kama chuma, akakichongea upande mmoja kwa mshazari, akatoboa tundu akatia kamba ya ngozi. Kazi yangu ikawa mbili: kushika chupa, na kuruka na gogo. Mzee akiita "Gogo!" mimi nakabidhi chupa kwa Sista, nafungua mlango, naruka gari likiwa bado linatembea, natupa nyuma ya gurudumu, nashika kamba. Kuondoka, anaita "Toa!" navuta kamba, nakimbia, narukia ndani. Nilikuwa hodari, bwana! Watu wa sokoni Karatu walisimama kunitazama. Waliniita Bwana Gogo, na wake za watu walinipungia.

Hapo ndipo tulipokosea, sisi wote watatu, na sidhani kama watu wengine wa dunia wangekosea hivyo. Tulilipenda gogo. Sista alilifunga utepe wa bendeji nyekundu. Tulipofika kwenye boma la Wamasai, akina mama walilitemea mate ya baraka kama wanavyombariki mtoto. Tukaacha kudai breki. Anayedai kitu kila siku kitu hicho kinamuuma. Sisi hakikutuuma tena.

Kisha breki ikaja. Ilikuja kwenye sanduku la mbao kutoka Arusha, seti nzima, ya mguu na ya mkono, na Mzee aliipokea mwenyewe langoni akaishika kama anashika mjukuu. Ubavuni mwa sanduku palichorwa msalaba wa hospitali kwa rangi. Akaipeleka stoo kwa ofisa usafirishaji, maana ndiyo taratibu.

Ofisa usafirishaji ndiye wa kwanza ninayemtaja. Suti ya Kaunda ya rangi ya kahawia, kalamu mfukoni, sauti ya chini ya mtu asiyewahi kuitwa mara mbili. Alikuwa na Landrova ya ofisi, sawa na yetu kabisa, ndugu wa tumbo moja, ila ile ilikuwa inabeba wageni wake kwenda kutazama kreta ya Ngorongoro.

Siku chache baadaye nilikuwa naanika mablanketi nyuma ya stoo. Nikamwona fundi amelala chini ya gari la ofisa, miguu tu iko nje, na pembeni ya miguu sanduku letu liko wazi, tupu, msalaba umetazama juu. Nikamwambia fundi, "Shemeji, hiyo si ya kwetu?" Nilimwita shemeji kwa sababu alioa ukoo wetu.

Akatoa kichwa. "Mimi ni mkono tu, shemeji. Kichwa kiko ofisini." Akarudi chini.

Huyo wa pili.

Sista alikwenda juu kwa mganga mkuu, nami nikiwa nyuma yake. Mganga mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Sista, tusigombane na usafirishaji. Kesho watatunyima mafuta." Huyo wa tatu. Tukaenda kwa ofisa mwenyewe. Hakukana. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo, hakukana! Alitabasamu akanitazama mimi.

"Si nyie mnalo gogo?" akasema. "Nasikia ni maarufu."

Na sisi tulicheka. Tulitoka pale tunacheka, kwa hasira, lakini tunacheka. Sista aliniambia njiani, "Bwana Gogo, umepandishwa cheo. Wewe ni kipuri."

Basi. Asubuhi moja ya masika akaja mwanamume anakimbia kutoka boma moja ng'ambo ya bonde la Malanja, alipewa lifti na lori mpaka kwetu. Mke wa kaka yake amejifungua, mtoto salama, kondo la nyuma limegoma, damu inakwenda. Tuliondoka kabla hajamaliza kusema. Mzee aliendesha kama kijana! Tukapanda msitu wa Ngorongoro ndani ya ukungu, ukungu mweupe kama maziwa, tukapita ukingoni, tukateremka Malanja kwenye jua.

Mama mkwe wa mzazi alikuwa mlangoni mwa nyumba. Sista akamwamkia Kimasai, akimwita mama, "Takwenya, yeyo."

"Iko," akajibu, na hapohapo akamshika mkono akamwingiza.

Binti mwenyewe alikuwa mdogo, midomo imekuwa ya kijivu. Sista aliingiza dripu kwenye mshipa gizani mle, kwa kugusa, mara moja tu. Sindano pajani ya kukaza kizazi. Ngumi tumboni. Damu ikapungua, kondo likabaki. "Karatu," akasema, "sasa hivi, kwenye chumba cha upasuaji." Nje kulikuwa na kesi: boma zima lilitaka kupanda. Kwao mgonjwa haondoki peke yake, kuondoka peke yake ni kama kutupwa. Wazee wawili, mashangazi, na mbuzi mmoja.

"Mbuzi ana ugonjwa gani?" Mzee akauliza.

"Ni chakula cha mgonjwa."

"Mgonjwa akipona nitamrudia mbuzi mwenyewe, kwa mguu!"

Wakacheka, wakakubali mama mkwe peke yake, mbele kwa Mzee, na kichanga kifuani mwake ndani ya shuka. Kabla hatujaondoka alichuma majani mabichi akayafunga kwenye kitasa cha mlango, akafunga na mengine kwenye gogo langu. Nilimshukuru. Nilijiona mkubwa.

Tukapanda. Jua likaisha, ukungu ukatumeza, mvua ya jana ilikuwa imegeuza barabara sabuni. Kwenye kona, katikati kabisa ya njia, nyati. Dume zee, tope mpaka kwenye pembe, linatutazama kama karani wa ofisi. Mzee akakanyaga, akakanyaga tena, gari likasimama, gia ikaruka, injini ikazima. Mkono wake ukaenda pale kwenye breki ya mkono, kwa mazoea ya ujana wake, akavuta. Kisha akaita, "Gogo!"

Yaliyofuata umeshasoma.

Gari liliingia korongoni likagonga mgunga, likasimama limelalia ubavu. Niliburuta mwili wangu kwa viwiko. Nilikuwa nasikia kichanga kinalia, na sijawahi kusikia wimbo mzuri kama ule. Mama mkwe ametoka, amesimama, mtoto yuko naye. Mzee ameinamia usukani, mbavu zimeingia, lakini anapumua. Nyuma, Sista alikuwa amejilaza juu ya binti, amemfunika mwili mzima. Tairi ya akiba haikuwa imefungwa na kitu zaidi ya kamba, na ilimpiga Sista kisogoni. Nilimwita. Nilimwita tena. Chini yake binti akafungua macho.

Sikulia. Nafasi ya kulia haikuwepo, chupa ilikuwa imepasuka na damu ilikuwa imeanza tena. Mimi siwezi kusimama, mikono yangu haifiki. Nikapiga kelele, "Yeyo! Ngumi! Tumboni, hapa, ngumi!" Akampa kichanga mwanamke mmoja aliyekuwa ameshafika, maana wachungaji walikuwa wanapanda kutoka bondeni mbio, mikuki mikononi, shuka zinapepea. Akaweka ngumi. "Zaidi, yeyo! Zaidi! Kama unafua!" Mama yule alisukuma, binti akapiga ukelele, na ukelele ulinifurahisha, maana anayekufa hapigi kelele vile. "Gumu?" nikauliza. "Gumu!" akasema. Tulikuwa tunapigana, nakwambia, na tulikuwa tunashinda! Walimlaza binti juu ya ngozi ya ng'ombe, wakashika pembe zake, wakampandisha barabarani mama mkwe akikimbia ubavuni na ngumi yake haitoki. Mimi walinibeba mgongoni, na mguu wangu nimeufunga kwa kamba ya gogo.

Na hapo, kutoka Malanja, ikapanda Landrova. Ilikuja kwa nguvu, ikafika kwenye tope lile lile, mteremko ule ule. Ikasimama. Nikasikia mlio: krrrk.

Nilikuwa chini, sikio langu karibu na gurudumu. Krrrk ya breki ya mkono, meno kwa meno, safi, mapya. Gari halikurudi hata unene wa kidole. Mlango ukafunguka ikatoka suti ya Kaunda.

"Mmefanya nini?" akasema.

"Tupeleke Karatu," nikasema. "Mzazi anavuja damu."

Akatazama ndani ya gari lake. "Nina wageni. Limejaa."

Mama mmoja Mzungu, mzee, hakungoja kutafsiriwa. Alishuka akakaa barabarani kwenye tope, na nguo zake za safari, na wenzake wakamfuata. Wamasai wakafungua mlango wa nyuma bila kumwomba mtu ruhusa, wakatuingiza, na Mzee, na kichanga.

Tuliteremka msitu wote wa Ngorongoro kwa gari lile. Kila kona lilikanyagwa likatii, laini, kama farasi wa hadithi. Nililala sakafuni, najua mguu wangu umekwisha, najua Sista amebaki korongoni amefunikwa shuka nyekundu, na bado nilikuwa nahesabu pumzi za binti na kupiga kelele, "Ngumi, yeyo!" na mama yule anajibu, "Ipo!" mpaka Lodoare, mpaka Karatu, mpaka kitandani. Binti alipona. Mimi walinikata juu ya goti.

Kikao kilifanyika nilipoweza kutembea na magongo. Meza ndefu, kitambaa cha kijani. Mganga mkuu alitazama dirishani. Fundi alikohoa. Ofisa usafirishaji alieleza kwa ile sauti ya chini kwamba ajali imetokana na uzembe wa mhudumu aliyeweka gogo vibaya.

Mzee alisimama, mbavu zimefungwa bendeji. "Nilivuta breki ya mkono," akasema. "Nilivuta hewa."

Nikauliza, "Ilikuwa wapi?"

Mwenyekiti wa kikao, wa nne huyo, akasema swali langu haliko kwenye ajenda. Mzee akastaafishwa kwa uzee. Mimi nikaachishwa kwa uzembe. Sista alizikwa kwao kwa heshima, mbele ya watoto wake, na ofisa usafirishaji ndiye aliyesoma hotuba kaburini. Alisoma vizuri.

Miaka imekwenda. Fundi na mganga mkuu wako hai, hatusalimiani. Ofisa amestaafu, ana nyumba ya wageni barabarani Karatu, watalii wanalala kwake, na Jumapili anakaa benchi la mbele. Mimi nashona viatu mkabala na lango lake. Nimechagua mahali pale.

Kila baada ya muda fulani binti aliyezaliwa asubuhi ile huja na bibi yake, yeyo yule wa ngumi, kuniletea maziwa. Amekuwa mrefu, anasoma shule. Mara ya mwisho aliniuliza jambo ambalo bibi yake hajawahi kuliuliza: "Baba, kwa nini lile gari la pili lilisimama na la kwanza halikusimama?"

Nilimwonyesha lango la ng'ambo ya barabara. Si kwamba sijui. Jibu si langu.

Kwa hiyo ninakuuliza wewe wa suti ya kahawia, uliyeambiwa na Sista uso kwa uso ukatabasamu. Mimi gogo langu lilikuwa la mti, na lilifanya yote ambayo mti unaweza kufanya. Gari lako lilishikwa na nini pale mlimani? Vuka barabara. Ni hatua chache, na wewe una miguu miwili. Watoto wa Sista nitawaita, Mzee bado yupo, binti atakuja na bibi yake. Kaa kwenye stuli yangu, mbele yao, useme kwa sauti breki ile ilitoka wapi, ilikuwa ya nani, na nani alikuambia kwamba sisi gogo linatutosha.